Hardbody ya kila siku hapa Mtwara: nishushe inchi ngapi?

KusiniKabisa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nina Nissan Hardbody dabo kebini, ile inayovuta nyuma tu. Injini haina neno, bodi nimeipiga rangi upya, ndani safi. Kinachonikera ni kimoja: ikiwa tupu imebinua makalio kama bata anayechokonoa tope. Nimevumilia nimechoka, nataka kuishusha.

Sizungumzii zile za kwenye picha ambazo tairi imemezwa na madigadi hadi huwezi kupitisha laini ya simu. Nataka ikae chini kwa heshima, nikipita Shangani hapa mjini mtu ageuke, basi. Maana hii gari si ya maonyesho, ndiyo gari yangu ya kila siku.

Ratiba yake iko hivi. Naishi Mikindani, kazi mjini, nakwenda na kurudi kwa lami, adui wangu hapo ni matuta tu. Mwisho wa wiki nakwenda shamba Tandahimba. Hadi Mnivata ni lami, kama kilomita 50 hivi kutoka mjini. Kutoka hapo mbele mnaijua wenyewe: ujenzi, michepuko, vumbi, na mvua ikinyesha ni kuteleza kama umevaa ndala. Msimu wa kupulizia mikorosho nabeba salfa, mifuko ishirini ya kilo 25, mashine za kupulizia na vijana wa kazi. Mavuno yakiiva nabeba magunia ya korosho kwenda ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika.

Nimeongea na mafundi watatu hapa mjini. Wa kwanza kasema tunatoa majani mawili ya springi kila upande nyuma, mbele tunalegeza, kabla ya adhuhuri unaondoka nayo. Wa pili kasema inchi nne au uache kabisa, inchi mbili hakuna atakayeona kama umeshusha. Wa tatu amecheka, akaendelea kula mihogo yake.

Naombeni ushauri wa watu waliofanya, sio wa waliosikia.

---

Chikongola1

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

---

MwalimuWaNewala

Kaka yangu, huku Newala watu wanahangaika kuinua gari zao, wewe unatafuta hela ya kuishusha. Haya, tupo hapa tunasoma.

---

FundiWaMasasi

Mleta uzi, swali lako zuri ila umelianza mwisho. Watu wanachagua inchi wakiwa wamesimama mita tano kutoka kwenye gari, wanaangalia nafasi kati ya tairi na madigadi. Hiyo nafasi haikuambii kitu. Nafasi ya kuangalia ipo chini, kati ya ekseli ya nyuma na ile raba nyeusi iliyofungwa kwenye chesisi juu yake. Raba hiyo ndiyo mwisho wa safari ya springi. Ekseli ikishaigonga huna springi tena, kinachobaki ni chuma, chesisi na kiuno chako.

Fanya hivi. Paki sehemu tambarare, gari tupu. Chukua futi, pima kutoka juu ya ekseli hadi kwenye raba, pande zote mbili, andika. Halafu pakia mzigo wako wa kweli, salfa yote, mashine zote, na watu wakae ndani. Pima tena. Kinachobaki hapo ndicho ulichonacho cha kuchezea mashimo. Inchi zozote utakazoshusha zinatoka kwenye hicho kilichobaki, hazitoki kwingine.

Sasa kuhusu fundi wako wa kwanza. Majani ya springi ndiyo yanayobeba. Ukitoa mawili, gari itashuka ikiwa tupu, nawe utafurahi hadi Jumamosi. Ukipakia itashuka zaidi ya ilivyokuwa ikishuka zamani, kwa sababu springi yote imekuwa laini. Kwa hiyo umepoteza kimo, na umepoteza nguvu ya kubeba. Tena springi iliyopunguzwa majani, ukikanyaga mafuta ekseli inajizungusha na springi inajipinda herufi S. Utasikia mtikisiko kwenye sakafu ukidhani propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, imekufa. Kama gari ni ya kupigia picha tu, toa. Kama inabeba salfa, usiguse jani hata moja.

Njia yenye akili nyuma ni bloku, kipande kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Lakini kabla hujaenda kununua, lala chini uangalie springi ya nyuma imekaa wapi: juu ya ekseli au chini yake. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kama springi iko chini ya ekseli, bloku inawekwa katikati, ekseli inasogea juu, gari inashuka. Kama springi iko juu ya ekseli, bloku hiyohiyo itainua gari. Nimeona mtu kaja na gari imepanda inchi mbili analalamika kauziwa bloku mbovu.

Kwa zile zenye springi juu, kushusha ni kuhamisha springi iende chini ya ekseli. Hiyo inashusha kwa mkupuo, unene wa ekseli na wa springi kwa pamoja, inchi tano au sita. Hapo lazima ukate chesisi na kuijenga upya kwa umbo la upinde ili ekseli ipate pa kwenda. Kwa gari ya Tandahimba sahau.

Mbele ni rahisi, na urahisi huo ndio mtego. Hardbody mbele ina toshenibaa, zile fimbo mbili ndefu za chuma zinazotoka kwenye amu (mikono inayoshika tairi) kwenda nyuma chini ya sakafu. Mwisho wake kuna bolti ya kurekebishia. Ukilegeza gari inashuka, ukikaza inapanda, hununui spea yoyote. Ndiyo maana kila kijana mwenye spana anajiita fundi. Ukitaka kufanya vizuri, nyanyua gari kwa jeki na uweke stendi, tairi zining'inie. Piga alama ya rangi kwenye bolti kabla hujaigusa, hesabu mizunguko. Ukiishusha usiamini kimo cha papo hapo. Itembeze kwanza mtaani ikae, ndipo upime kutoka katikati ya hub hadi ukingo wa madigadi.

Elewa kwamba ukilegeza fimbo, ugumu wake haubadiliki. Unachopunguza ni safari ya tairi kwenda juu. Mbele kuna raba zake pia, na hata gari ikiwa kama ilivyotoka kiwandani ziko karibu. Ukishusha zaidi ya inchi moja na nusu kwa kulegeza tu, utakuwa unaendesha juu ya raba. Gari inaruka ruka kama haina shokapu na watu wanasema shokapu zimekufa, wananunua mpya, inaruka vilevile.

Pima kwanza, njoo na namba.

---

Chikongola1

Umemaliza mkuu. Hapo kwenye bloku ya kuinua nimecheka mwenyewe ndani ya daladala.

---

LigulaLow

Mimi natofautiana kidogo na kiongozi hapo juu. Nina pikapu imeshuka tatu mbele, nne nyuma, natembelea kila siku, mwaka sasa. Kila kitu kinategemea dereva. Tuta unaliingia kwa pembeni, tairi moja moja, shimo unalijua lilipo kwa sababu ni njia yako. Wamarekani waliouanzisha huu mchezo na pikapu ndogo za Kijapani kule California wanashusha hivyo na wanaenda nazo kazini. Wao wenyewe ndio wanaoandika 2/3, 2/4, namba ya kwanza mbele, ya pili nyuma. Inchi moja na nusu si kushusha, hiyo ni gari yenye upepo mdogo kwenye tairi.

---

FundiWaMasasi

LigulaLow, sikatai, na gari yako inawezekana imefanywa vizuri. Nikuulize: unabeba nini nyuma?

---

LigulaLow

Spika.

---

FundiWaMasasi

Basi tumeelewana.

Na hizo namba zao 2/3 na 2/4 zina maana yake. Nyuma wanashusha zaidi ya mbele kwa sababu pikapu inatoka kiwandani imeinuka nyuma. Haikuinuka kwa bahati mbaya. Imeinuliwa ili ukipakia ikae sawa. Mtu wa spika anaweza kuuondoa mwinuko wote. Mtu wa salfa akiuondoa wote, akipakia pua inatazama mbinguni, taa zinawapiga watu machoni njia nzima, usukani unakuwa mwepesi kwa sababu uzito wa mbele umepungua. Usiku kwenye kona za kushuka Newala hiyo si raha. Kwa gari ya mzigo, acha nyuma ibaki juu kidogo kuliko mbele.

---

MtamaKwetu

Lindi hapa. Mimi nina Hilux Vigo na sikugusa springi kabisa, nilishusha kwa tairi. Ilikuwa na 265/65R17, kimo chake chote ni kama milimita 776. Nikaweka 255/60R17, ambayo ni 738 hivi. Gari inashuka nusu ya tofauti, yaani kama sentimita 1.9. Haionekani sana ila ukiijua unaiona, na inakaa barabarani vizuri zaidi kwenye lami ya Mingoyo. Ukitaka kurudisha unarudisha.

Cha kujua ni kwamba spidi mita inasoma zaidi. Ikikuonyesha 100 uko 95. Sio mbaya, trafiki hakupati.

---

FundiWaMasasi

Njia nzuri kwa mwenye hela ya tairi, ila mleta uzi asome mambo mawili kabla hajaifuata.

Kwanza, ukishusha springi, difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haishuki. Ekseli ni moja imeshikana na tairi, kimo chake kinatoka kwenye tairi. Kinachoshuka ni chesisi, tangi, ekzosti na vitu vya mbele. Ukishusha kwa tairi ndogo, difu nayo inashuka, na kwenye zile njia za shamba zenye mgongo wa mchanga katikati ndiyo inayolima.

Pili, tairi ya pikapu ina namba ya mzigo. 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. 106 ni kilo 950. Ukibadilisha saizi angalia hiyo namba, usiangalie maua ya tairi tu.

Na kwa wenye Vigo wanaosoma kimya kimya: mbele yenu ni koili, hakuna bolti ya kulegeza. Msikubali kukatiwa koili kwa gesi. Joto linaharibu chuma chenyewe, na koili iliyofupishwa inakuwa ngumu kuliko ya mwanzo. Wanaoichoma moto ili ikae chini yenyewe, hao sina la kusema.

---

MtamaKwetu

Nimepokea mkuu. Nyongeza kwa mleta uzi: kama huwa unakwenda Dar kwa njia ya Kilwa, weka na hilo kwenye hesabu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, watu walipita sehemu ambazo si barabara. Huwezi kujua lini utalazimika kushuka lami.

---

MwalimuWaNewala

Swali la asiyejua. Mume wangu alishushiwa gari, ndani ya muda mfupi tairi za mbele zikaisha upande wa ndani tu, nje kama mpya. Fundi akasema tairi ni feki. Kweli?

---

FundiWaMasasi

Dada, tairi haikuwa na kosa. Ukishusha mbele, zile amu zinabadilisha pembe, juu ya tairi inalala kuelekea ndani, na hapohapo tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, zinaivuta au kuisukuma tairi isitazame mbele sawasawa. Hilo la pili ndilo linalokula tairi haraka. Kushusha gari bila kwenda alaimenti, yaani kupanga upya pembe za tairi, ni kutupa tairi mbili. Na alaimenti ifanywe baada ya gari kutembea na kukaa, sio ikitoka kwenye jeki.

Mwambie shemeji aangalie na boljointi.

---

KusiniKabisa (mleta uzi)

Wakuu nimerudi na namba. Vijana wamenicheka kunikuta chini ya gari na futi.

Springi iko chini ya ekseli, kwa hiyo bloku inanihusu.

Tupu, kutoka ekseli hadi raba: sentimita 12, pande zote karibu sawa. Nikapakia mifuko ishirini ya salfa, mashine mbili, vijana wanne ndani. Ikashuka hadi 6. Yaani mzigo wangu unakula sentimita 6, zinabaki 6.

Kwa hiyo LigulaLow inchi zako nne ni sentimita 10, gari yangu ikipakiwa ingekuwa imekaa kwenye raba kabla haijatoka getini. Hata tatu ni 7.6, nayo imepita. Mbili ni 5, inabaki sentimita moja. Naomba mnisaidie kati ya moja na nusu na mbili. Moyo unataka mbili.

---

LigulaLow

Mbili. Kata raba nusu, umepata sentimita zako.

---

FundiWaMasasi

Raba inaweza kupunguzwa kidogo, ile ncha laini ya chini, lakini haikuwekwa pale kwa urembo. Ukiikata nusu, siku ukitua kwa nguvu inayopokea ni chesisi, na chesisi ya pikapu yenye nyufa nyuma ya kebini ni kazi ya kuchomelea isiyoisha.

Hesabu yako inajibu yenyewe. Sentimita moja iliyobaki, kwenye mchepuko wa Tandahimba itakwisha kwenye kila shimo. Moja na nusu ni sentimita 3.8, inakuachia 2.2 ukiwa umejaza kabisa, na ukiwa tupu unazo zaidi ya 8 za kutosha mjini. Siku za salfa punguza mwendo au gawa mzigo mara mbili. Mbele legeza inchi moja, usizidishe. Nyuma itabaki juu kidogo na ndivyo inavyotakiwa.

Kuna wa kukushauri ufunge mipira ya upepo ya kusaidia springi. Inafanya kazi, ila sentimita hizo unazozitafuta hazina thamani ya kazi yote hiyo.

Vitu vya kusimamia ukiwa gereji, usiende kunywa chai:

Bloku iwe chuma kizima au aluminiamu nzima, yenye tundu na ncha ya kukaa kwenye senta bolti, ile inayoshika majani ya springi katikati. Isiwe boksi la bati lililochomelewa, isiwe mbao, na zisipandishwe mbili juu ya nyingine. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli, zinunuliwe mpya zenye urefu unaofaa. Za zamani zimeshavutika. Zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, kisha zikazwe tena baada ya kutembea kilomita mia moja, mia mbili. Wengi wanasahau hilo la mwisho, halafu ekseli inahama.

Angalia shokapu za nyuma. Kwa inchi moja na nusu za zamani kwa kawaida zinatosha, ila lala chini uone kama hazifiki mwisho gari ikiwa imejaa. Kama propela yako ni ya vipande viwili, sikiliza mtikisiko kuanzia kasi ya 60 kwenda juu. Ukiusikia, bloku inahitaji kabari ndogo ya kurudisha pembe ya difu.

Halafu hii, soma vizuri kwa sababu mafundi wengi wa kushusha hawaijui. Kama nyuma kuna ile valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo au springi ndogo, hiyo ndiyo inayopima mzigo. Gari ikibonyea inajua umepakia, inapeleka nguvu zaidi breki za nyuma. Ukishusha kwa bloku, valvu inadhani umepakia wakati wote. Mvua ya kwanza ya Desemba, gari tupu, lami ya Mikindani imelowa, unakanyaga breki, tairi za nyuma zinafunga kabla ya mbele na mkia unakupita. Irekebishwe fimbo yake kwa kiasi kilekile ulichoshusha. Ni kazi ndogo, wala haina gharama ya maana.

Taa zipangwe upya jioni ukutani. Na kama una bima kubwa wape taarifa kwa maandishi, siku ya ajali wasikugeuke.

---

Chikongola1

Hiyo ya valvu ya breki nakazia. Iende kwenye mada za kudumu.

---

LigulaLow

Hiyo valvu hata mimi naenda kuiangalia kesho asubuhi. Ila mleta uzi, inchi moja na nusu ukinipita Shangani sitageuka, nakwambia kabisa.

---

KusiniKabisa (mleta uzi)

Hahaha, usigeuke, utanijua kwa harufu ya salfa.

Nimeamua: moja na nusu nyuma, moja mbele. Bloku nimeshaongea na fundi mchongaji anitengenezee za chuma kizima, yubolti naagiza mpya, alaimenti siku ya pili yake. Valvu ipo, nimeiona, ina fimbo yenye kutu. Fundi aliyekuwa anakula mihogo ndiye nimempa kazi. Nilipomuuliza kuhusu valvu alinionyesha ilipo bila kuinama.

---

MwalimuWaNewala

Huyo ndiye fundi.

---

Mnazi_Mmoja

Wakuu nimechelewa kuingia. Na kirikuu, kale kapikapu kadogo, je, inashuka inchi ngapi? Nabebea samaki.

---

FundiWaMasasi

Kirikuu fungua uzi wake mkuu. Njoo na namba za tupu na za samaki.